Kikohozi Kwenye Santuri

Santuri iliyotumika hainunuliwi kwa kutazamwa usoni. Unaitoa kwenye mfuko wake wa karatasi, unaishika kwa ukingo, kiganja kisiguse mistari, halafu unailaza mbele ya jicho kuelekea mwanga wa asubuhi. Hapo ndipo aibu zake zote zinapojitokeza. Mkwaruzo unaofuata mistari si neno, utausikia kama mvua ya mbali. Mkwaruzo unaokata mistari ndio wa kuogopwa. Unapitisha ukucha juu yake polepole, na ukucha ukikwama, jua sindano nayo itakwama. Kisha unaizungusha juu ya kidole uone kama imepinda, maana jua la Garissa hupinda hata mabati. Mwisho unainusa. Watu walinicheka sana kwa kunusa, lakini santuri iliyolala karibu na jiko hubeba mafuta kwenye mistari yake, na mafuta huvuta mchanga, na mchanga ndio unaokula wimbo.

Nilifika Garissa kutoka milimani muda mfupi kabla ya bendera kubadilishwa, nikiwa fundi wa redio na mtu asiyependa kuamrishwa. Wazungu wa serikali walikuwa wanafunga virago, na mtu anayefunga virago hauzi, anatupa. Nikapata kwao gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono pamoja na maboksi ya santuri, zile nene za zamani zinazovunjika kama sahani za udongo na zile nyepesi mpya. Nikapanga chumba cha mabati karibu na soko na kuandika juu ya mlango kwa rangi nyeupe kwamba hapa santuri zinanunuliwa na kuuzwa. Wateja wangu walikuwa makarani, walimu na askari wa bara, watu waliolemewa na upweke, wakija kutafuta nyimbo za kwao. Wasomali wengi hawakuwa na gramafoni. Wao walisimama nje, fimbo mabegani, wakasikiliza mpaka wimbo uishe, wakaenda zao bila kununua kitu. Mwanzoni waliniudhi, na nilikuwa nikiongeza sauti ya nyundo yangu makusudi ili waondoke. Hawakuondoka, nami nikachoka kugonga.

Barazani pangu alikaa mwanamke aliyeuza maziwa ya ngamia. Hakuomba ruhusa. Alikuja asubuhi moja, akaona kivuli changu ni kizuri, akateremsha mkebe wake, akakaa. Nilipotoka kumuuliza, alinimiminia kikombe na kuniambia ninywe kwanza, maneno baadaye. Basi hiyo ikawa kodi yake, kikombe kila asubuhi, na hatukulizungumza tena. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa maneno, na alipima maziwa kwa namna niliyoiheshimu. Wafugaji walipomletea vibuyu vyao, alifunua, akainamisha pua, akatikisa kidogo, akatoa hukumu. Hakuonja kamwe.

Siku moja alinitazama nikipima santuri za mwalimu aliyehamishwa, akaangua kicheko.

"Fundi, wewe nanusa rekodi kama mimi nanusa maziwa."

"Kazi ni moja, mama," nikamwambia.

Ni yeye aliyenipa majina ya madaraja yangu. Santuri isiyo na doa niliiita ya leo. Yenye mikwaruzo myembamba ikawa ya jana. Iliyochakaa, inayochemka kama sufuria lakini hairuki, niliiita susa, kama wanavyoyaita maziwa yao ya kuchachusha. Na ile iliyopinda au inayoruka ilikuwa ya kumwaga. Wateja waliyapenda majina hayo, hata askari walikuwa wakiingia na kuuliza, "Fundi, leo una ya jana?" kisha wanajicheka wenyewe.

Lakini susa ilituletea ugomvi. Mimi nilizitupa santuri za namna hiyo kwenye pipa, mwenye kutaka aokote. Alipoona hivyo, alikasirika kama kwamba nimemtukana mamake.

"Susa si mbofu," alisema. "Ya leo nakaa siku ngabi? Mtu akienda safari nabeba susa. Na hii rekodi, nani nachakaza? Mtu naibenda. Ile ya leo haina mtu, ndiyo maana nang'aa."

Nikamjibu kwamba biashara ni biashara, na kwamba mapenzi ya mtu hayasikiki kwenye gramafoni, kinachosikika ni kelele. Bei sikuziwekea. Ila niliziondoa kwenye pipa nikaziweka kwenye rafu ya chini, na yeye akaliona hilo, akarudi kwenye mkebe wake.

Mumewe alikuwa dereva wa lori. Alikuwa mrefu, mzaha hauishi mdomoni, na kwenye kabini ya lori lake alibeba kabani, kinanda chao cha nyuzi, kimezungushiwa blanketi kama mtoto. Kila aliporudi safari alipita kwangu. Sasa, kwao mwanamume haingii nyumbani kimyakimya, hata kama nyumba ni yake. Hukohoa kwanza nje ya mlango ili walio ndani wajisitiri. Dukani kwangu hapakuwa na wa kujisitiri, palikuwa na mimi na vumbi, lakini alikohoa vilevile, kikohozi kifupi cha kusafisha koo, na mkewe pale barazani, bila kugeuka wala kuacha kupima maziwa, alimjibu, "Soo gal." Yaani ingia. Mambo yakawa hivyo kila mara, nami nikaizoea ile sauti mpaka nikawa namjibu mwenyewe siku ambazo mkewe hayupo, kwa matamshi yaliyomfanya acheke mpaka ashike mlango.

Miaka ya nyuma alikuwa amekwenda Nairobi na mzigo wa ngozi, na huko akamkuta Mhindi mmoja mwenye mashine ya kurekodi nyuma ya duka lake. Akaimba. Wakamtolea santuri, ile nene ya zamani, wimbo upande mmoja na kabani tupu upande wa pili. Nakala alizopewa aliwagawia ndugu, na moja akaniletea mimi nimpimie. Nadhani alitaka sifa tu.

Nikaishika kwa ukingo, nikailaza kwenye mwanga, nikapitisha ukucha. Mistari ilikuwa safi. Nikaiweka kwenye gramafoni, sindano ikashuka, na kabla ya uzi wa kwanza kupigwa kikasikika kikohozi. Kilekile. Kifupi, cha kusafisha koo. Halafu ndipo wimbo ukaanza.

"Ina kasoro," nikasema.

"Kasoro gani?"

"Umekohoa. Mhindi wako alipaswa kuanza upya. Mtu hanunui kikohozi. Ingekuwa ya leo, lakini sasa naiweka ya jana, na hapo nakupendelea."

Alicheka. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi, na yeye hakucheka. Aliniambia nimechanganyikiwa. Mtu anaingia ndani ya wimbo, sharti akohoe kwanza, sasa nilitaka aingie kama mwizi? Nikamwambia katika kazi yangu kikohozi ni kikohozi. Yule dereva akaniachia santuri ikae dukani, kwa kuwa nyumbani kwao hapakuwa na gramafoni, na mkewe alipotaka kuisikia aliniambia tu, "Biga," nami nikapiga.

Kisha vita vikaja, ingawa kwenye redio hawakuviita vita. Tulisikia watu wanataka eneo hili liende upande wa pili wa mpaka, kwa Wasomali wenzao, tukasikia magari yameshambuliwa, tukasikia vijiji vimezingirwa. Tuliwekewa kafyu. Malori yakawa yanatembea kwa msafara pamoja na wanajeshi, na kila njia ya kuingilia mjini ikawa na kizuizi. Sisi wa bara tulikatazwa kutoka mjini, na wenyeji wakawa hawaingii bila kukaguliwa. Niliogopa. Sina njia ya kulipamba hilo. Niliwaogopa waliokuwa porini, niliwaogopa askari waliokuwa wateja wangu, na kibaya zaidi nilianza kuwaogopa wale wanaume wa fimbo mabegani waliosimama nje ya duka langu. Nikawa nahesabu nyuso. Wao wakaona nahesabu, wakaacha kuja.

Ajabu ni kwamba santuri ziliongezeka. Watu walikuwa wanahama, wengine kwa hiari, wengine wakichukuliwa kukaa kwenye vijiji vyenye ulinzi, na mtu anayehama hivyo habebi santuri. Waliniletea zimefungwa kwa kanga, kwa magazeti, kwa ngozi. Mimi nikaziinua kwenye mwanga kama kawaida, nikinusa, nikipitisha ukucha, huku mwenye mali ametazama barabara na hasikii hata bei ninayomtajia. Siku hizo niliichukia kazi yangu. Mtu anakuuzia arusi yake nzima, nawe unamwambia ukingo umemeguka.

Dereva aliondoka na msafara wa kwenda kaskazini na hakurudi. Lori lake lilionekana njia ya Elwak limesimama kando, milango wazi, blanketi la kabani likiwa kwenye kiti. Wengine walisema alivutwa porini kwa nguvu. Wengine walisema alikwenda kwa miguu yake mwenyewe kuungana na shifta, wapiganaji wa porini. Wengine walisema alishakufa, na waliotajwa kumuua walibadilika kufuatana na aliyekuwa anasimulia. Lisemwalo lipo, lakini hayo yote hayawezi kuwapo kwa pamoja. Kwa wakubwa lilikuwa jambo jepesi: dereva aliyepotea ni shifta, na mke wa shifta anatakiwa aseme mumewe yuko wapi. Wanawake kadhaa wa namna hiyo walikuwa wamechukuliwa kuhojiwa. Mmoja alirudi hazungumzi na mtu.

Basi mke wa dereva akawa hana mume. Nina maana kwamba alijitangaza hivyo. Akiulizwa kwenye kizuizi, alisema ni mjane wa siku nyingi. Sokoni wote walijua, na sokoni wote walinyamaza. Aliendelea kuja barazani na mkebe wake, alinipa kikombe changu, na neno "biga" halikutoka tena kinywani mwake. Nami sikuthubutu kuigusa ile santuri. Niliisukuma nyuma kabisa ya rafu ya chini, katikati ya susa. Bahati ilikuwa moja tu, kwamba mende walikuwa wamekula karatasi ya katikati kwa utamu wa gundi yake, na jina la mwimbaji halikubaki.

Asubuhi moja alikuja afisa kijana, mgeni mjini, pamoja na askari wawili na karani wa Kisomali aliyekuwa mkalimani. Karani huyo nilimjua, alikuwa mteja wangu, mpole, mwenye kupenda santuri za taarabu. Siku hiyo hakunitazama usoni. Afisa alinisalimia vizuri, akaniambia kuna amri kwamba nyimbo za Kisomali zikusanywe na zisikilizwe. Halafu akaongeza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo:

"Nasikia kulikuwa na dereva mwimbaji. Santuri yake unayo?"

"Afande, mimi nauza nyimbo, waimbaji siwajui," nikajibu.

"Haya. Tutapiga zote."

Mwanamke alikuwa barazani, mgongo wake kwetu, anamimina maziwa. Mmoja wa askari alikuwa ametoka nje kununua kikombe. Nikaanza kupiga. Santuri nzima, afisa aliiweka kwenye gunia lake. Mbovu, aliidondosha sakafuni na kuikanyaga kwa buti, na vipande vyake vikaruka mpaka chini ya meza yangu. Mkalimani alieleza kila wimbo kwa maneno machache: huu wa ngamia, huu wa mapenzi, huu wa dini. Niliendelea kuchagua kwa kuchelewesha, nikifuta vumbi ambalo halikuwapo, mpaka afisa mwenyewe akainama kwenye rafu ya chini, akachomoa zile zilizobaki, na ya kwanza aliyonipa ilikuwa hiyo.

Nilizungusha mkono wa gramafoni. Nikashusha sindano. Mvumo kidogo, kisha kikohozi.

Nilimwona mwanamke. Mabega yake yalipanda, na kichwa kikaanza kugeuka upande wa mlango, upande ule ambao mumewe alizoea kusimama. Hakuwa amesikia sauti hiyo tangu lori lionekane. Mdomo wake ulifunguka. Neno lilikuwa limeshafika, miaka yote ya ndoa yake ilikuwa imelifundisha kutoka lenyewe, na kama lingetoka kila mtu pale angejua amemjibu nani. Maziwa yakafurika kikombe, yakamwagikia kiatu cha askari.

"Wee mama! Vipi?" askari akaruka nyuma.

Afisa akainua kichwa. Wimbo ulikuwa umeanza. "Unaijua sauti hii?" akamuuliza mwanamke kupitia mlangoni.

Akageuka mzima mzima, kikombe mkononi, uso mkavu. Akaniangalia mimi, si afisa.

"Fundi," akasema, "hii rekodi si ulisema mbofu? Nakohoa. Mtu gani nanunua kikohozi? Hata mimi nastuka, namwaga maziwa ya watu. Mwambie afande."

Nikaelewa alichoniomba. "Ni kweli, afande," nikasema. "Ina kasoro. Mhindi aliyeirekodi hakuanza upya. Nimeshindwa kuiuza. Ni ya kumwaga."

Afisa akamtazama mkalimani. Karani yule aliijua sauti, na nina hakika, kwa sababu alikuwa ameshasimama dukani humo na dereva mwenyewe wakizozana juu ya nyuzi za kabani.

"Wimbo wa arusi, afande," akasema. "Wanamsifu bibi arusi. Hakuna zaidi."

Afisa aliitoa santuri kwenye gramafoni, akaigeuza, akaona karatasi imeliwa, akainua mkono aitupe sakafuni kama zile nyingine.

"Usifunje, afande," yule mwanamke akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba chumvi. "Nipe mimi nifunike maziwa. Nzi nyingi."

Askari wakacheka. Afisa naye akacheka, nadhani alikuwa amechoka na buti lake. Akampa. Mwanamke akaiweka juu ya mdomo wa mkebe, akaziba tundu la katikati kwa kijiti alichokizungushia kitambaa, akamwuliza askari kama bado anataka kikombe chake. Mimi nilisahau kufunga kifuniko cha gramafoni, na gunia lilipoondoka na nusu ya duka langu sikuliwaza hata kidogo.

Nilidhani ameiokoa. Kesho yake nilimwambia kwa sauti ya chini aniachie niifiche, nitampa kifuniko cha bati. Akatikisa kichwa. Pale kwenye kizuizi alishapewa jina, Mama Santuri, na askari walimtania kila asubuhi wakitaka awaimbie. Wangemwuliza kifuniko chake kimekwenda wapi, na swali lingezaa swali. Kwa hiyo sauti ya mumewe ikawa inapita kwenye kizuizi kila siku juu ya kichwa chake, mchana kweupe, na mimi nikawa naikagua kila asubuhi inapoteremshwa barazani kwangu. Hiyo ndiyo adhabu ya kuwa na jicho la kazi. Niliona mkwaruzo wa kwanza, wa mchanga. Niliona ulipokuja mwingine uliokata mistari. Niliona jua linaanza kuinyanyua upande. Ilikuwa ya jana, ikawa susa, na baadaye hata jina la kuipa sikuwa nalo.

Kilichonipandisha hasira zaidi ni kwamba aliweka upande wa wimbo chini, kuelekea maziwa.

"Geuza, mama!" nilimfokea siku moja. "Upande wa kabani uwe chini. Mvuke wa maziwa unaoza mistari. Unaniua mimi kwa kutazama tu!"

"Juu iko jua," akasema. "Juu iko mikono ya askari, naguza kila siku. Chini hakuna mtu naguza."

"Chini kuna maziwa."

"Maziwa ni yangu."

Nilikwenda ndani nikapiga meza ngumi. Sikujua ni nani nilimkasirikia.

Muda si mrefu wakamhamisha. Watu wa bula lake, yaani mtaa wao, walipandishwa kwenye malori kupelekwa kwenye kijiji cha ulinzi upande wa Balambala, wakae ndani ya uzio na mifugo wachache waliosalia. Nilimwona amekaa juu ya mizigo, mkebe umepakatwa, kifuniko chake cheusi kinameta juani. Alinipungia mkono kidogo. Mimi nilisimama barazani na kikombe kitupu kama mpumbavu. Baada ya hapo niliendelea kufungua duka kwa sababu sikujua kufanya jambo jingine, lakini biashara ilikuwa imelala. Walioleta santuri walikuwa askari wanaomaliza zamu, na nilikuwa nazipima upesi upesi bila kuzinusa. Wakati mwingine mtu akikohoa nje nilikuwa nageuka.

Vita vilitulia kwa namna vilivyoanza, bila mtu kututangazia jambo la maana. Vizuizi vilipungua, msafara ukakoma, wanaume wa fimbo mabegani wakarudi mmoja mmoja kusimama nje ya duka, wamekonda. Wengi hawakurudi. Dereva hakurudi, wala habari zake hazikuja, wala kaburi halikuonyeshwa.

Mkewe alikuja kabla jua halijawa kali. Sikumtambua mara moja. Meno ya mbele mawili hayakuwapo na shela yake ilikuwa imefifia rangi. Hakuwa na mkebe. Aliweka mezani kitu kilichofungwa kwa kitambaa, akakifungua mwenyewe.

"Biga," akasema.

Niliishika kwa ukingo. Nikailaza kwenye mwanga, na ingekuwa ya mtu mwingine ningeirudisha hapohapo, kwa sababu santuri ya namna hiyo huvunja sindano. Upande wa kabani ulikuwa umekuwa kijivu, mistari imekwisha. Santuri nzima ilikuwa imepinda. Niligeuza upande wa wimbo. Katikati palikuwa na ukoko wa maziwa, mweupe, umeingia kwenye mistari na kuila, na ulikuwa umeishia kwenye duara kamili, pale mdomo wa mkebe ulipokaa. Nje ya duara hilo, ukingoni, palibaki utepe mwembamba mweusi ambao maziwa hayakuufikia wala jua halikuuona. Mistari michache tu. Nilipitisha ukucha juu yake. Haukukwama.

Sikumwambia daraja lake. Nilichukua maji ya vuguvugu na kitambaa laini, nikaifuta kufuata mistari. Kisha nikailaza katikati ya vioo viwili na kuiweka juani nyuma ya duka ilainike ijinyooshe, jua lilelile lililoipinda. Yeye alikaa barazani mahali pake pa zamani. Nilimpa chai, na safari hii mimi ndiye niliyemwambia anywe kwanza. Kivuli kilipohama akahama nacho.

Alasiri nilitoa santuri kwenye vioo. Haikunyooka kabisa, lakini ingezunguka. Nikafunga sindano mpya, ya mwisho niliyokuwa nayo nzuri. Nikamwambia, "Mama, wimbo umekwisha. Nimeutazama. Wimbo haumo tena humu." Akasema anajua. Alisimama karibu na meza, mikono ndani ya shela.

Nikazungusha mkono, nikashusha sindano ukingoni kabisa. Mvumo. Mkwaruzo wa mchanga. Halafu mumewe akakohoa, kikohozi kifupi cha kusafisha koo.

Mwanamke akageuza uso kuelekea mlango wangu, uliokuwa wazi na hauna mtu, akasema kwa sauti ya kila siku, "Soo gal."

Sindano ikafika kwenye duara la maziwa, ikaruka. Nikaiinua, nikairudisha mwanzo.